Kosa Lilikuwa la Kitabu

Habari ilinikuta sokoni hapa Baraka, kando ya ziwa, nimeinamia fungu la mihogo na kubishana na muuzaji kama kawaida yangu. Jirani yangu alinigusa bega akasema, "Prof alituacha leo asubui." Sikuuliza Prof yupi. Huku kwetu kila mwalimu wa sekondari ni Prof, lakini miaka hii ya karibuni ukilitaja neno hilo peke yake, watu walimwelewa yule mwalimu wa hesabu aliyefundisha vijana kompyuta katika chumba cha nyuma ya kanisa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa yake ilitoka Uvira, na barabara ya Uvira mnaijua wenyewe: ikifungwa kwa bunduki inafungwa kwa wote, mwenye gunia la chumvi na mwenye kusubiri sindano. Dawa ilikwama huko, naye akaisha taratibu huku, akijua vizuri sana kinachommaliza. Nimekasirika, na ninaandika nikiwa nimekasirika. Mnivumilie.

Sitasema alikuwa rafiki yangu, maana urafiki wenyewe hakuupenda sana. Tulijuana. Alikuwa akinisimamisha njiani kuniambia kwamba safu yangu ya wiki iliyopita gazetini ilikuwa na maneno mengi kuliko mawazo, kisha akaendelea na safari yake bila kusubiri jibu. Shati lake lilifungwa vifungo mpaka shingoni hata kwenye joto la mchana, na mwandiko mbaya ulimuudhi kama tusi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa kompyuta chache zilizotumika, paneli za jua juu ya bati, na sanduku la vitabu kutoka ng'ambo kwa wahisani ambao sina haja ya kuwataja. Siku ya kulifungua sanduku tulipiga makofi na picha. Ndani yake mlikuwa na vitabu kadhaa vya kufundishia lugha ya programu iitwayo Python. Prof alivipima mkononi kimoja kimoja, akachukua kilichokuwa kinene kuliko vyote. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu unene wa kitabu ni ushahidi wa elimu iliyomo ndani, na mimi pia nilitikisa kichwa kukubali.

Wasomaji wa mbali wanahitaji kujua jinsi tunavyosoma. Kitabu ni kimoja, na kinakaa mkononi mwa mwalimu. Mwalimu anasoma, wanafunzi wanaandika, kwa kalamu ya bluu maneno na kwa kalamu nyekundu vichwa vya habari, wakipiga mistari kwa rula. Anayenakili bila kukosea herufi ndiye mwenye akili. Ndivyo tulivyosoma sote, na ndivyo Prof alivyofundisha kompyuta. Asubuhi vijana walinakili amri za kitabu kwenye karatasi. Mchana, paneli zikishajaza betri, waliziingiza kwenye mashine. Na mashine ilikataa. Ilijibu kwa sentensi ya Kiingereza kwamba kuna kosa, wala haikusema kosa la nani. Basi Prof akasema alichoambiwa yeye utotoni: andikeni tena, safi zaidi.

Aliyekuwa akiandika safi kuliko wote alikuwa binti mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda, aliyevuka kutoka Burundi akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikuwa akija kwa pikipiki siku akipata, na siku nyingine sijui alikuja vipi. Nilimwona mara moja nilipopita pale. Mashine ilikuwa imemkatalia somo la kwanza kabisa, lile la kuifanya iandike salamu tu. Alirudi kwenye benchi, akachukua karatasi mpya, akaiandika amri ile ile kwa herufi nzuri zaidi, akaipigia mstari mwekundu, akarudi tena kwenye mashine akiamini kwamba sasa itamkubali. Haikumkubali. Prof alisimama nyuma yake mikono mgongoni. "Rudilia, mama. Weye haunakili muzuri." Baada ya wiki kadhaa za kurudilia, binti hakuja tena. Wenzake walisema aliondoka na neno moja: "Ile kazi inaomba bantu ba akili. Mi sina."

Halafu mfanyabiashara mmoja wa Kazimia akaja na kitabu kingine alichokipata ng'ambo ya ziwa, chembamba, kimechakaa jalada. Prof akakiweka kando ya kile kinene, somo la kwanza kwa somo la kwanza. Amri hazikufanana. Akaingiza amri ya kile chembamba, na mashine ikaandika salamu yake bila ubishi. Ndipo alipogeuza kurasa za mwanzo za kitabu kinene na kutazama mwaka, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifanya siku ya makofi. Lugha ile ilikuwa imeshabadilishwa na wenyewe walioitengeneza. Kitabu kilikuwa kinafundisha toleo la zamani, na mashine zilikuwa na toleo jipya. Vijana walikuwa wamenakili kila kitu sawasawa, na kadiri walivyonakili sawasawa ndivyo mashine ilivyowakataa.

Alikuja nyumbani kwangu siku hiyo, na haikuwa desturi yake. Kifungo cha juu kilikuwa wazi. "Batoto baliandika muzuri," aliniambia. "Ni mi nilibapa kitabu mubaya, kisha nikabaambia beko bajinga." Nilimwambia kwamba hata mimi nisingejua. Alinitazama kwa dharau niliyoizoea akasema, "We haufundishake," yaani mimi si mwalimu.

Tangu hapo alikuwa mtu wa kuchosha kweli kweli kwa habari ya vitabu. Hakuruhusu kitabu kifike kwa mwanafunzi kabla yeye mwenyewe hajakaa kwenye mashine na kufanya kila zoezi, akitia alama ndogo ya kalamu ya risasi pembeni mwa lile lililokubali. Unene haukumtisha tena. Alitaka kujua mwaka kwanza, kisha kama kuna kurasa zinazoeleza la kufanya mashine ikikataa. Kitabu kisichokuwa nazo alikirudisha sandukuni, hata kiwe na jalada la kung'aa. Kitabu kinachodhani mwanafunzi hatakosea, alisema, kiliandikwa na mtu ambaye hajawahi kufundisha.

Nami nimekuwa nikiwaza juu ya masanduku. Tunapokea nguo, tunapokea dawa, tunapokea vitabu, na haya ya kuonekana hatuna shukrani inatuzuia kuuliza tarehe. Anayetoa anaondoka na picha yake. Kitu kikishindwa kufanya kazi, hakuna anayemwandikia barua. Tunatafuta kosa hapa hapa, na kwa kawaida tunalipata kwa mdogo kuliko wote chumbani. Karatasi iliyochapwa tunaiheshimu kuliko mtoto aliye mbele yetu. Hilo hatukuletewa na mtu, ni letu wenyewe, na linanichoma kuliko masanduku.

Prof alimtafuta yule binti. Alikwenda Lusenda akakuta familia imehama. Wengine walimwambia wamerudi Burundi, wengine Mboko. Mboko alipanga kwenda, mguu ukaanza kuoza, kisha barabara ikafungwa. Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho alikuwa amekonda hata shati halimshiki. Hakuzungumza habari ya dawa. Alinikabidhi kile kitabu chembamba. "Ukimuona ule mutoto, umuambie hapana ye. Ni kitabu ndiyo ilikosa." Nilimwahidi, jinsi mtu anavyomwahidi mgonjwa.

Kwenye matanga niliketi na wanaume, kitabu kikiwa ndani ya mfuko wangu. Siku ya pili aliingia msichana mwenye mtoto mgongoni na beseni la ndakala, samaki wadogo wa kulisha waombolezaji. Sikumtambua mpaka aliponyanyua beseni lile kumpa mama wa jikoni na nikaiona sura ya yule binti wa Lusenda. Ameolewa Mboko, anauza samaki. Habari ya kifo aliipata kwa wateja, barabara ilipofunguliwa tena. Nilimwita pembeni nikamweleza yote, nikiogopa kusahau hata neno moja. Alisikiliza huku akimtikisa mtoto.

"Prof alijua?" aliuliza.

"Alijua. Alikutafuta mpaka Lusenda."

"Mi nilishawashia moto makaratasi yote," alisema. "Mwaka muzima nilijua ni mi." Halafu akalia, na sijui alikuwa akimlilia Prof au ule mwaka. Nililia na mimi.

Nilimpa kitabu. Hakukifungua katikati kama nilivyotarajia. Alitafuta kwanza ukurasa wenye mwaka, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimemsimulia. Kisha akafuata zile alama za kalamu ya risasi, zoezi kwa zoezi, mpaka zilipokoma katikati ya kitabu.

"Hapa aligonjwa," alisema.

"Ndiyo, hapo aliugua."

"Basi kuanzia hapa, mashini ikikatala, sitajua ni mi ao ni kitabu."

Chumba cha nyuma ya kanisa kimefungwa, paneli zimeshushwa zisiibiwe, na huko Mboko anakorudi hana mashine ya aina yoyote. Alikifunga kitabu kwenye kitenge pamoja na mtoto, akaenda kutafuta pikipiki.

Ndugu msomaji, siku ukichagua kitabu cha kumfundisha mtoto wa mtu, lugha ya kompyuta au lugha nyingine yoyote, kifanye wewe kwanza, ukurasa kwa ukurasa. Mtoto kitabu kikimkataa hatakitupa kitabu. Atajitupa yeye, na huenda usiwahi kumfikia kumwambia.