Ndege za Ulaya

Kuna wazee kule Mikumi ambao mpaka leo wakiniona nashuka kwenye gari wanawika kama majogoo, kokorikoo, halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi napita zangu kama sijasikia, maana walichokiona ni kweli, nilianguka kifudifudi mbele ya wilaya nzima, nguo imenivuka, nimebaki na gauni la ndani, kuku wananikanyaga kichwani. Nimekwepa kusimulia jambo hili hadi nimechoka. Sasa ngoja niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wao kwa kutiwa chumvi, tena mimi nitafika mpaka pale ambapo wao hawapajui.

Ulikuwa mwaka wa vita ya Kagera, nasi tulikuwa tunakaa Ulaya. (Ulaya yetu hii ya Kilosa, ya mpunga na baiskeli na siku za gulio, siyo ile ya wazungu. Lishikeni hilo, maana ndilo lililonivua nguo.) Mwanangu wa kwanza, Elia, alikuwa askari, amepelekwa huko huko mpakani, na tangu mvua za vuli zianze sikuwa nimepata habari yake hata ya uongo. Nilikuwa nalima, nacheka, naenda kanisani, lakini ndani nilikuwa na swali moja tu, yu hai au hayupo, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Katibu wa kijiji? Kijana yule alikuwa hajui hata mbuzi wake wamelala wapi.

Na wakati huo redio ya duka la ushirika inahimiza kila siku, wananchi tuchangie vita, kila mtu atoe alicho nacho. Watu wa Kimamba wakatoa magunia ya mahindi, watu wa Lumuma wakatoa maharage, wafugaji wa mbugani wakatoa ng'ombe, madume kweli kweli, tuliyaona yakipitishwa barabarani. Sisi Ulaya hatujatoa kitu. Ukienda gulioni watu wanakuuliza, "Nyie wa Ulaya mnapigana upande gani?" Mimi mama askari naulizwa hivyo!

Sasa siku hiyo tuko kisimani, katibu akatokea na baiskeli akitoka Kilosa, jasho linamtoka, hata hakushuka, akaegemeza mguu mmoja chini akasema, "Akina mama, shikamooni. Jumamosi wote Mikumi, uwanja wa mpira. Kunapokelewa ndege za kutoka Ulaya, za kumpiga nduli. Wakubwa wa jeshi watakuwepo, na wageni. Mje kwa shangwe, kijiji kisiniaibishe." Akakanyaga pedeli akaenda.

Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Ningemwita tu, "Wewe katibu, hebu rudi, ndege gani?", angerudi, angeniambia, tungecheka yakaisha. Lakini nilijiona nimeelewa. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ya elimu. Ndiyo, elimu! Mwaka ule nilikuwa nasoma kisomo cha watu wazima, ngumbaru, chini ya paa la ghala, na wiki ile ile mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba kuku ni ndege, bata ni ndege, kanga ni ndege, njiwa ni ndege, hata kama ni wa kufugwa, na mimi nilikuwa nimejibu vizuri mbele ya darasa nikapigiwa makofi. Kichwa bado kilikuwa kimevimba.

Jirani yangu Mama Stefano, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili ambaye darasani hakukanyaga, akaweka ndoo chini akasema, "Ndege za kumpiga nduli si eropleni hizo?"

"Eropleni zinatoka hapa Ulaya?" nikamuuliza. "Wewe umewahi kuona eropleni ikitotolewa hapa?"

"Labda Ulaya ya wazungu."

"Mama Stefano, kwani wewe umesoma? Kuku ni ndege. Askari hawali? Wenzetu wametoa ng'ombe, sisi tumeombwa ndege. Katibu kasema za kutoka Ulaya, kijiji kisimwaibishe, sasa unataka aseme kwa lugha gani?"

(Mwalimu aliniambia baadaye kwamba ndege wa kuruka kwa mabawa ni "ndege wa Ulaya" na za chuma ni "ndege za Ulaya", kwa hiyo katibu alikuwa ameshaniambia kila kitu kwa herufi moja. Lakini sisi nyumbani tunasema kuku zangu, mbuzi zangu, mbwa zetu, sasa hiyo "za" ningeishika wapi?)

Na niseme ukweli wa moyo wangu, haikuwa kuku tu. Nilishapiga hesabu kwamba anayekabidhi zawadi ndiye anayepeana mkono na mkubwa wa jeshi, na anayepeana mkono naye anaweza kumtupia neno moja, afande, mwanangu Elia yu hai? Kwa ajili ya neno hilo ningekabidhi hata tembo.

Basi nikaingia nyumba kwa nyumba. Mkinijua nikiamua jambo mtawahurumia watu wale. Bibi mmoja alikuwa na tetea mmoja tu, akasema huyu analalia, nikamwambia askari wetu wanalalia mawe. Akatoa. Wanaume wakaenda kutega kanga wa porini, wengine wakaleta bata, mzee wa kanisa akatoa jogoo lake jekundu ambalo lilikuwa linawafukuza watoto wa shule. Hata Mama Stefano akaleta kuku wawili, akawatia kwenye tenga huku akisema, "Nawatoa, lakini nasema tena, ni eropleni." Nikamwambia aende zake.

Jumamosi alfajiri tukapanda tela la trekta la kijiji, akina mama tumejaa na matenga yamejaa, tunaimba, kuku nao wanaimba. Njia nzima watu wanasimama wanauliza, "Mnapeleka mnadani?" nami najibu kwa kujidai, "Haziuzwi hizi, ni ndege za Ulaya, zinakwenda vitani!" Watu wanacheka, wengine wanakaa chini kabisa kwa kucheka, na mimi, masikini wa Mungu, nadhani ni furaha ya taifa.

Pale Mikumi uwanja umefurika. Watoto wa shule wamepangwa, ngoma zinalia, meza imetandikwa kitambaa cheupe, nyuma yake wamekaa wakubwa wa jeshi na wageni wawili weupe wameiva kwa jua kama nyanya. Mtu wa kipaza sauti akatuona tunashusha matenga. Akaja mbio. "Mama, hizi ni nini?"

"Ndege kutoka Ulaya, ndugu. Tumeitwa tuzilete."

Akanitazama. Akatazama matenga. Nikaona mdomo unamcheza. Kumbe shetani alishamwingia, badala ya kunivuta pembeni aniambie, akanishika mkono akanipeleka mpaka mbele ya meza, akatangaza, "Ndugu wananchi, kabla ya ndege za wageni wetu kupita, akina mama wa Ulaya nao wameleta ndege zao! Karibu mama useme!"

Nikasema. Ee Bwana, nilisema! Nikasema sisi wa Ulaya tulicheleweshwa na mvua lakini hatukulala, nikasema ndege hizi tumezilea wenyewe kwa pumba, nikasema nduli akiziona atakimbia, nikainua jogoo jekundu la mzee wa kanisa juu nikasema, "Hili peke yake limewashinda watoto wa shule wote!" Uwanja ulipasuka. Watoto wanagaragara. Mkalimani akawanong'oneza wale wageni, mmoja akafunika uso kwa kofia, mabega yanatetemeka. Mimi nikaona nimependwa, nikaongeza.

Hapo hapo zikaja.

Sikuziona zikija, nilisikia mbingu inachanwa kama kaniki. Zilipita chini, chini sana, tatu, zimeshapita ndipo mlio ukatufikia, na mlio ule haukuingia masikioni, uliingia tumboni. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka mdomo una vumbi, kitenge changu kimenasa kwenye tenga na mimi nimekiacha huko, matenga yamepasuka, kuku wametawanyika uwanjani, kanga wanapaa juu ya vichwa vya watu, bata mmoja amepanda meza ya wakubwa anatembea kwenye kitambaa cheupe na miguu yake ya matope kama mkaguzi. Na mimi nimelala chini ya meza hiyo hiyo na gauni la ndani lenye kiraka. Kipaza sauti kinasema, "Mama wa Ulaya, usiogope, hizo ndizo ndege za Ulaya!" Watu wakafa tena kwa kicheko.

Mkubwa mmoja wa jeshi, mtu mnene, machozi yanamtoka kwa kucheka, akainama akanipa mkono akaninyanyua, akanifunika kitambaa cha meza mabegani. "Pole mama. Pole sana. Nchi rafiki imetupa ndege za vita, wewe umetupa za mchuzi. Zote tunashukuru."

Basi mkono si ndio huo nimeushika? Nilikuwa na aibu ya kunitosha kufa, lakini nikasema aibu nimeshaipata, neno langu silirudishi nyumbani. Nikamwambia, "Kama ni shukurani, naomba neno moja, afande. Mwanangu yuko huko mpakani. Elia. Nataka kujua yu hai."

Akaacha kucheka kidogo. Akaniuliza kikosi, nikamtajia vile Elia alivyokuwa akikitaja. Akageuka akamwita askari kijana aliyekuwa amesimama nyuma ya viti, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. "Huyu ametoka kikosi hicho hicho juzi. Muulize."

Kijana akaja, naye bado anajifuta machozi ya kicheko. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unamjua Elia? Mrefu, wa Ulaya, ana pengo hapa mbele."

"Elia!" Uso ukamng'aa. "Elia wa Ulaya namjua sana, mama! Tulikuwa tunamtania, tunamwita mzungu kwa sababu ya hiyo Ulaya yenu. Alikuwa mtu wa kuchekesha huyo, alikuwa anaimba nyimbo za kanisani kwa kuigiza sauti ya mchungaji, alikuwa..."

Akashusha mkono aliokuwa anajifutia machozi.

Mimi nimesoma ngumbaru tu. Lakini hiyo "alikuwa" niliisikia ya kwanza, nikaisikia ya pili, na ya tatu ikanitosha.

"Sema vizuri, baba," nikamwambia. "Yupo, au alikuwepo?"

Akamtazama mkubwa wake. Mkubwa akatazama chini.

"Alikuwepo, mama. Walikuja na ndege zao, wakatupiga asubuhi tukiwa tunavuka mto. Sisi siku ile hatukuwa na ndege za kuwazuia." Akainua macho juu, nami nikainua yangu. Hapakuwa na kitu tena, moshi tu unaachana achana juu ya milima. "Kama hizi zingewahi," akasema.

Sasa sikilizeni, na hapa ndipo wale wazee wa kokorikoo wasipopajua. Uwanja mzima ulikuwa bado unacheka. Hawakusikia. Mtu wa kipaza sauti anaendelea, "Mwenye kukamata jogoo la vita alirudishe kikosini!", watoto wanafukuza bata, ngoma zimerudi, na mimi nimesimama katikati na kitambaa cha meza mabegani, nimeambiwa mwanangu amekufa, na kila anayenitazama anacheka. Sikulia. Ningelia wangedhani nalilia kuku.

Mama Stefano akaja mbio, kuku wawili kwapani, meno yote nje. "Nilikuambia mimi! Nilikuambia ni eropleni! Msomi wangu we, haya niambie sasa, kuku ni..." Akafika karibu. Akaniona uso. Mikono yake ikafunguka yenyewe, kuku wakaanguka chini wakakimbia, wala hakuwatazama. "Mama Elia? Mama Elia, kuna nini?" Nilipomwambia alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akavua kanga yake ya juu akanifunga kiunoni, akiwa amekaa hivyo hivyo, kama unavyomvika mtoto.

Kurudi hakuna aliyeimba. Kuku waliopatikana walirudi kwa wenyewe, na waliopotea hakuna aliyenidai, hata yule bibi wa tetea mmoja. Na Mama Stefano, na ulimi wake ule wote, mpaka anaingia kaburini hakusema tena "nilikuambia", si kwangu, si kwa mtu mwingine. Katibu alikuja matangani akasimama mlangoni, hakujua aingie au asiingie, nikamwambia ingia, kosa si lako, ulisema sawasawa.

Ndiyo maana mnaniona hivi nilivyo. Mtu akiniletea habari nusu namshika shati, sema tena, sema taratibu, unamaanisha nini, na nyie wajukuu zangu mnaona haya mbele ya wageni mnanong'ona kwamba bibi amezeeka. Nilishaapa. Neno nisilolielewa nitaliuliza hapo hapo, hata kama ni kanisani, hata kama aliyelisema amevaa suti, na anayetaka kunicheka anicheke mpaka abebwe. Siku ile nilichekwa na wilaya nzima, nikadhani hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote linaloweza kumpata mtu. Ukubwa wake haukudumu hata muda wa kujifunga kitenge.