Hita ya Kupozea Injini

Gari letu la kijiji lilikuwa na hita. Watu wakisikia hivyo siku hizi wanadhani lilikuwa gari la kifahari. Lilikuwa pikapu kuukuu, siti yake imeshonewa gunia, taa moja imekufa. Waliolitengeneza waliliwekea hita kwa sababu huko kwao kuna baridi ya kuua. Baridi yetu ya Ngara huondoka jua likipanda, kwa hiyo koki ya hita ilifungwa miaka yote na hakuna aliyeikumbuka, mpaka mwaka ule wa vita binti yangu alipougua surua.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Kanazi, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi, na mimi nilikuwa dereva wa kijiji. Nilikuwa fundi vilevile, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Vita vilipoanza magari mazima yalichukuliwa, mengine pamoja na madereva wake. Waliokuja kulikagua letu walifungua boneti, mvuke ukawapiga usoni, wakacheka, wakafunga. Mke wangu alimshukuru Mungu. Mimi nilikasirika. Hakuna dereva anayependa gari lake lichekwe, hata kama kicheko hicho kinamwokoa.

Ugonjwa wa gari ulikuwa kuchemka. Kila dereva wa huku anaijua dawa ya rejeta inayovuja: unatia kijiko cha binzari, inakwenda na maji, inaziba tundu. Rejeta mpya haikupatikana popote. Binzari ilipatikana, tena ilikuwa karibu kitu pekee kilichobaki kwenye rafu za duka, maana sabuni, chumvi na sukari vilishakwisha, na nani alikuwa na nyama ya kuungia? Basi nikatia. Dereva aliyenitangulia alitia, na aliyemtangulia yeye alitia. Tatizo ni kwamba binzari haichagui. Inaziba panapovuja na pasipovuja.

Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza anaunganisha maneno. Surua ilikuja kijijini ikapita nyumba kwa nyumba kufuata ule mstari wetu mzuri, na ilipofika kwetu haikupita tu. Homa ilishuka, ikapanda, kisha kifua kikaanza. Alikuwa anahema kwa mbavu. Mganga wa zahanati alisema anahitaji penisilini ya sindano na kwamba yeye hana. Tuliulizia kote karibu, jibu likawa hilohilo. Msafiri mmoja aliyetoka Biharamulo akasema kule ipo, ameiona kwa macho yake. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye kwa kawaida hatoi kitu bila mkutano, alinipa gari na petroli iliyofichwa ghalani kwa ajili ya kusombea maharage. Namshukuru hadi leo kwa hilo.

Lakini gari lile lisingefika Biharamulo. Kutoka kwetu ni milima, kushuka na kupanda, ndipo ufikie pori. Kwenye kila mlima ningelazimika kusimama nisubiri injini ipoe, na mtoto hakuwa na muda wa kusubiri.

Nilishinda mchana kutwa chini ya boneti. Nilishika mpira wa juu wa maji, ukaniunguza. Nikashika wa chini, ukawa vuguvugu tu. Hapo hapahitaji elimu: maji hayashuki, rejeta imeziba. Thamostati, kizibo cha kuzuia maji hadi injini ipate moto, niliitoa zamani, kwa hiyo haikuwa hiyo. Nikaing'oa rejeta, nikaipindua, nikamimina maji. Yakatoka kwa matone, ya njano, yananukia pilau. Nilitia maji ya majivu ya moto, nikachokoa kwa spoku ya baiskeli kila mrija niliofikia. Nusu ikafunguka. Nusu ilibaki imeganda.

Nilirudisha kila kitu, nikawasha, na mshale wa joto ukapanda tena hadi kwenye nyekundu. Nilikaa chini kwenye mafuta yaliyomwagika. Nilitaka kulia na sikuona haya. Ndipo macho yangu yakaangukia ile mipira miwili myembamba inayoingia ndani ya kebini. Hita ni rejeta ndogo, basi. Nayo ilikuwa imefungwa miaka yote, binzari haikuwahi kuingia humo. Koki ilikuwa imeshikwa na kutu. Niliilegeza kwa mafuta ya taa na koleo, nikaifungua yote. Joto likaanza kuvuma miguuni pa siti, na mshale ukashuka, ukatulia katikati. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa niwaeleze jambo wasio wa kwetu. Mama mkwe wangu, mabukwe kwa Kihangaza, alikuwa amekuja kumuuguza mjukuu wake. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Akipita njiani ninampisha na kuangalia pembeni. Sili mbele yake, sitaji jina lake, na nikiwa na neno ninamwambia mke wangu, naye anamwambia mama yake, hata kama sote tumesimama pamoja. Ni heshima. Niliishi nayo bila kunikera, tena niliona ina faida, kwa sababu sikuwahi kugombana na mama mkwe wangu, na si wanaume wengi wanaoweza kusema hivyo. Lakini heshima ile ilitengenezwa kwa watu wenye uwanja. Haikutengenezwa kwa kebini ya pikapu yenye siti moja.

Tuliondoka alfajiri. Mimi kwenye usukani, mke wangu katikati, mabukwe dirishani amempakata mtoto ndani ya mablanketi mawili.

"Mwambie baba wa mtoto afunge dirisha lake," alisema mabukwe kabla hatujatoka mstarini.

"Mama anasema ufunge," alisema mke wangu, ambaye bega lake liligusana na langu.

"Mwambie mama hita inawaka. Joto litakuwa kali."

"Anasema joto ndilo zuri kwa mtoto."

Nilifunga. Surua, kwa alivyojua mabukwe na kwa alivyojua kila mama wa rika lake, lazima itoke nje. Upepo ukimpiga mtoto, au akinywa maji ya baridi, vipele vinarudi ndani, na vikirudi ndani vinaua. Hakuwa akibuni. Alikuwa amewazika wawili wa kwake kwa surua, na wote wawili, aliamini, walipigwa na upepo. Mtu aliyezika wawili utamwambia nini?

Mwanzoni ilikuwa raha, nakiri. Nje kulikuwa na umande na ukungu, ndani tulikuwa kama tumezunguka mafiga. Tulipanda mlima wa kwanza bila kuchemka, kisha wa pili. Mabukwe akasema, "Mwambie amefanya vizuri." Katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kunisifu. Nilifurahi kama mtoto wa shule.

Kisha jua likatoka. Tulipovuka upande wa Lukole jasho lilikuwa linanichuruzika mgongoni, chuma cha mlango hakishikiki. Nilisimama, nikafungua boneti, nikafunga koki ya hita. Kabla ya nusu ya mlima mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Nikasimama, nikaifungua. Nikajaribu kuziba matundu ya hewa kwa gunia. Mshale ukapanda tena, maana joto lisipotoka kwenye hita linabaki kwenye injini. Ile hita ilikuwa inapoza injini kwa kutupika sisi. Hapakuwa na njia ya katikati. Ama tusimame, ama mtoto akae ndani ya tanuri.

"Mwambie mama tufungue dirisha kidogo tu. Upande wangu."

Mke wangu hakumwambia. Aliangalia mbele. "Unataka mtoto afe mikononi mwa mama?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Nilimchukia mabukwe wakati ule. Niseme wazi. Nilimchukia mtu ambaye hata sura yake sikuijua vizuri, niliijua mikono yake tu, jinsi ilivyokuwa inarudisha blanketi kila mtoto alipolisukuma. Mtoto alikuwa anasukuma blanketi kwa nguvu mwanzoni. Baadaye akaacha.

Nilisimama kuongeza maji. Nilibeba madumu mawili, yote ya gari. Nilifunika kifuniko cha rejeta kwa tambara, nikakifungua taratibu, nikamimina. Mtoto alikuwa ananitazama kupitia kioo cha mbele. Niliona mdomo wake ukisema neno alilolijua vizuri, nikalisikia hata kupitia kioo kilichofungwa: "Amazi." Maji. Bibi yake akamlaza begani akamgeuza uso. Gari likanywa. Nililimiminia gari maji mpaka yakafurika yakafanya matope, na mwanangu hakupewa tone. Hadi leo nikimwona mtu anatia maji kwenye rejeta ninaangalia pengine.

Mke wangu hakuwa jiwe. Mabukwe aliposinzia kwa joto, alichukua pembe ya kanga, akailowesha kwenye kifuniko cha dumu, akamminyia mtoto mdomoni. Mtoto aliinyonya kanga ile kama titi. Mke wangu alinitazama mara moja, tukakubaliana bila neno kwamba hatujaona kitu.

Tuliingia porini. Hapo hata mimi nisingefungua dirisha, kwa sababu ya mbung'o. Pori lile kabla ya Biharamulo lina mbung'o wanaofuata gari kama nyuki. Walikuwa wanagonga vioo. Ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo naona lilikuwa zuri. Kama hita ni rejeta ndogo, kwa nini ikae ndani? Niitoe, niifunge mbele kwenye bampa, ipigwe na upepo wa njiani. Injini ingepoa na kebini ingepoa, na hakuna ambaye angelazimika kufungua dirisha wala kuvunja heshima.

Nilisimama kivulini, mbung'o wakanila nikiwa nafungua boliti. Hita ilitoka. Mipira yake haikufika mbele, nikaiunganisha kwa tyubu ya baiskeli niliyokuwa naibeba ya kufungia mizigo, nikakaza kwa waya. Nikawasha. Maji yakazunguka, nikaona, nikashika hita pale kwenye bampa ikawa ya moto. Mke wangu alishusha pumzi ndani ya gari, nikamsikia.

Tulikwenda labda hadi kona ya pili. Tyubu ya baiskeli haikutengenezwa kwa maji ya moto. Ililainika, ikavimba kama utumbo wa mbuzi, ikapasuka. Maji yote yakamwagika barabarani, na vumbi likayanywa mara moja.

Nililipiga teke lile gari mpaka kidole kikavimba. Nililitukana, nikavitukana vita, nikaitukana binzari na kila mkono ulioitia, na mimi nikiwemo. Kisha nikairudisha hita mahali pake, kwa sababu hapakuwa na la kufanya jingine, nikamimina dumu la mwisho, nikafungua koki yote. Joto likavuma tena miguuni petu. Mke wangu alikuwa amekunja mikono kifuani na hakunitazama.

Miti ilianza kupungua. Niliyaona mashamba ya kwanza ya mihogo, nikajua Biharamulo ipo karibu, bado mwinuko mmoja. Nilikanyaga mafuta. Nilikuwa nasema moyoni, kidogo tu, kidogo tu, na sijui kama nilikuwa naliambia gari au mtoto. Kuhema kwake nilikuwa nimekuzoea hata sikukusikia tena, kama usivyosikia injini inayokwenda vizuri.

"Baba," alisema mabukwe.

Nilidhani anamwita mtu mwingine. Kisha nikaona amegeuka, ananitazama mimi usoni, juu ya kichwa cha binti yake. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona. Alikuwa na macho ya mke wangu.

"Baba, simamisha gari."

Akashusha kioo cha dirisha lake kwa mkono wake mwenyewe, hadi chini. Upepo ukaingia. Mke wangu akaanza kulia kabla sijaelewa.

Wapo waliokuja kuniambia baadaye, watu wa hospitali, wema tu, kwamba mtoto wa surua anatakiwa anywe maji mengi na apate hewa. Nimewasikia. Wapo waliosema kifua kile kingemwua hata angebebwa kwenye barafu. Nao nimewasikia. Sijui niwaamini wepi, na mke wangu hajawahi kuniuliza. Mabukwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, tukarudia heshima yetu, ninampisha njiani na kuangalia pembeni. Sikuweza kuendelea kumchukia. Ingekuwa rahisi kama ningeweza.

Mjini Biharamulo hatukuingia. Tulitaka kumzika nyumbani. Mkulima mmoja wa Kisukuma, mhamiaji aliyekuwa analima kando ya barabara, alitujazia madumu yote mawili kisimani kwake, akavua kofia. Niligeuza gari. Nilifungua boneti nikaifunga koki ya hita, kwa maana sikutaka joto lile limguse tena, tukateremsha madirisha yote na kuanza safari ya kurudi. Gari lilichemka kwenye mlima wa kwanza, likachemka kwenye uliofuata, na kwenye kila mlima nilizima injini, tukaisubiri ipoe. Hatukuwa na haraka tena.