Hita ya mama watoto ndani ya tangi la asidi

Leo nimefundisha fundi kazi yake!

Sawa, ni uongo. Nimefundishwa mimi, na mbavu bado zinauma kwa kucheka.

Mpwa wangu Mmbone anatoanga kutu kwa mageti huko Lurambi, ndani ya tangi la asidi. Kukiwa baridi, asidi inalala tu, haili kutu.

"Mjomba, niipashe moto na mvuke wa paipu ama na umeme?"

"Umeme!"

Nikakimbia nyumbani nikachukua hita ya mama watoto, ile ya kutumbukiza kwa ndoo ya kuoga. Yeye ako Iguhu, hajui.

"Mjomba, hiyo si chuma? Asidi itaikula."

"Nyamaza, mtoto."

Nikaitumbukiza. Povu! Nikapiga makofi: "Si unaona inachemka?"

Wapi! Ilikuwa inaliwa.

Mmbone akazima umeme, akaivuta. Imebaki waya na kishikio.

"Asante, mjomba. Nitanunua iliyovikwa plastiki isiyoliwa na asidi."

Sasa mama watoto anarudi jioni, na maji baridi haogi.

Jirani yangu Shivachi, si nilimwimbia fahali wako asubuhi nzima kwa pambano la mafahali mpaka akashinda? Niazime hita yako, tafadhali. Ipitishe nyuma ya nyumba.