Mstari Mwekundu wa Rubani

Mtaani wanamwita Rubani, ingawa hajawahi kupanda ndege hata ya bure. Ujana wake aliumalizia gereji akipulizia magari rangi, mpaka kifua kikagoma. Akashika brashi, akahamia kwenye ndege ndogo za plastiki anazounganisha na kuzipaka kwa mkono, kwenye meza ya chakula ya nyumbani kwake.

Sasa mwenye duka la tiketi za ndege alikuwa amembana. Alitaka ndege moja nyeupe, yenye mstari mwekundu unaopita ubavuni na kupinda kupanda mkiani. Mstari ukitoka safi, dirisha la duka linalotazama barabara litakuwa la Rubani kuwekea kazi zake. Ukitoka na makengeza, dirisha atapewa jamaa mmoja wa stika, anayebandika badala ya kupaka. Rubani alilitaka dirisha lile kuliko malipo. Malipo yanaliwa, dirisha linakuitia wateja nawe umelala.

Tatizo lilikuwa utepe. Unabandika utepe wa karatasi pale unapotaka rangi ikome, unapaka nyekundu, unabandua. Lakini kila akibandua, wekundu ulikuwa umepenya chini ya utepe, ukingo mzima umeota ndevu kama za mbuzi. Akabadilisha utepe, akabadilisha brashi, akakandamiza ukingo kwa ukucha mpaka kidole kikavimba. Wapi! Majaribio yote aliyafanya kwenye vijiko vyeupe vya plastiki vya mkewe, na mkewe alipolalamika akamtia kazini: "Badala ya kununa, paka na wewe."

Asubuhi moja akabandua tepe zote. Ndevu, ndevu, ndevu. Halafu kijiko kimoja, ukingo kama umekatwa kwa wembe. Akakipeleka kwenye mwanga, akakigeuza, akakinusa.

"Mama watoto, hiki nani kakipaka?"

"Kimefanyaje?"

"Nauliza nani."

"Mimi. Usianze kelele."

"Sina kelele. Ulikipakaje?"

Mkewe akajikuna shingo. "Nilikosea kopo, nikapaka nyeupe juu ya utepe. Nikaona utanisema. Nikaacha ikauke, nikaifunika na nyekundu yako."

Kichwa cha Rubani kikazunguka kama feni. Kijiko cheupe, rangi nyeupe. Kumbe rangi inayotangulia ndiyo inayopenya na kuziba mianya chini ya utepe! Na nyeupe ikivuja kwenye nyeupe, nani ataiona? Nyekundu inafika nyuma, inakuta mlango umefungwa.

"Hebu rudia kosa hilo mbele yangu."

"Bure?"

"Unataka nini?"

"Meza yangu. Nimechoka kula nimepakata sahani."

"Nusu meza."

"Sawa. Nusu ya siri nampelekea yule wa stika."

"Mwanamke huyu! Chukua meza yote."

Mwenye duka alipoletewa ndege, alivaa miwani, akapitisha ukucha ubavuni mpaka mkiani.

"Hii ni stika."

"Ibandue basi."

Akakwaruza, akakwaruza tena, akainama kutazama pale mstari unapopinda. Aliondoa maua ya plastiki dirishani, akafuta vumbi kwa kiganja, akaiweka ndege katikati.

"Ya pili nataka mstari wa bluu ukatize juu ya mwekundu," akasema. "Utaweza?"

"Nitakujibu kesho."

Njia nzima Rubani alikuwa akijiuliza: utepe ukilala nusu kwenye nyeupe na nusu kwenye nyekundu, ukingo uzibwe kwa rangi gani? Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu.

"Mama watoto, vijiko viko wapi?"

"Mezani kwangu. Viguse uone."