Nilidanganya Kuhusu Cheni, Fundi Akailaumu Mikono Yake

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia mtu wa kumlaumu. Shetani simtaji, hakuwepo. Nilikuwepo mimi na akili zangu timamu. Jina nalificha kwa ajili ya mtoto wangu tu. Aibu ninaistahili.

Mimi ni mwanamke wa Tarime. Nafanya kazi Sirari, kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo mpakani. Kuvuka kwenda upande wa Isebania kwangu ni kama kutoka sebuleni kwenda jikoni.

Mwaka juzi nilikuwa nimechumbiwa na kijana wa Gorong'a, nitamwita Marwa. Mkulima, ana ng'ombe zake chache, mpole kabisa. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: pikipiki ya kupanda mawe.

Usidhani ni bodaboda. Ile pikipiki haina kiti! Unaiendesha umesimama mwanzo mpaka mwisho. Padri mmoja wa kigeni alimwachia aliporudi kwao. Kila baada ya mavuno vijana walikusanyika kwenye kilima kimoja chenye majabali makubwa kama nyumba, wengine na pikipiki zao za kawaida walizozing'oa viti, wakashindana kupanda bila kukanyaga chini. Ukigusa ardhi, umeandikiwa kosa. Watu wanajaa mpaka akina mama na watoto mgongoni, wanahesabu kwa sauti: “Mguu mmoja! Miguu miwili!”

Marwa alikuwa anapanda bila mguu hata mmoja. Na nyuma yake alikuwepo Ryoba.

Ryoba ndiye fundi. Yeye na Marwa walitahiriwa msimu mmoja. Kwetu hilo si jambo dogo, ni zaidi ya kuzaliwa tumbo moja. Alikuwa na kibanda chake pale senta, na ile pikipiki hakuna mkono mwingine ulioigusa. Mimi alikuwa ananiita shemeji hata kabla ya posa.

Basi, wiki mbili kabla ya mashindano, Ryoba akaikagua pikipiki akasema cheni imeisha.

Marwa akamwambia, “Mura, ndugu yangu, cheni si zipo tele pale dukani? Zote si chuma?”

“Hata sindano ni chuma,” Ryoba akajibu. Kisha akanigeukia mimi. “Shemeji, wewe uko mpakani kila siku. Bodaboda ya kwenye tambarare naweza kuifunga cheni yoyote. Hii inapanda jiwe, inavuta na kuachia, uzito wote unakaa kwenye kile kiungo kidogo kinachounganisha ncha mbili za cheni. Nenda mpaka Migori, kwa mzee mmoja nitakuelekeza. Akikwambia zimeisha, rudi mikono mitupu. Tutaahirisha.”

Nikasema sawa. Akanielekeza duka, rangi ya mlango, kila kitu, na Marwa akanipa pesa ya bei aliyoitaja.

Sikwenda Migori.

Siku niliyopanga kwenda, malori yalikuwa yamejipanga, madereva wananigombeza, mabosi wanapiga simu. Ilipofika mchana nikavuka tu hapo Isebania, nikaingia duka la kwanza. Kijana wa duka akaniwekea cheni mezani. “Madam, hii ni orijino kabisa. Jina si hili hapa? Soma mwenyewe. Aki siwezi kukudanganya.”

Jina lilikuwepo kweli, limegongwa kwenye chuma. Lakini bei yake! Ilikuwa chini ya nusu ya ile niliyopewa. Mtu mzima unajua. Bei ikiwa vile, unajua.

Nikanunua. Na chenji nikanunua kitenge.

Tena nikwambie na la moyoni, kwa sababu ungamo la nusu ni uongo mwingine. Ile pikipiki nilikuwa naionea wivu. Jumamosi nikienda Gorong'a, nakuta wanaume wawili wameiinamia, wanaifuta kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, mimi nasalimiwa kwa mkono wenye grisi. Moyoni nikasema, yaani nipoteze siku nzima kwa ajili ya huyu mke mwenza wa chuma? Bora liende.

Nikampelekea Ryoba. Boksi nilikuwa nimelitupa njiani kwa sababu liliandikwa vibaya, hata mimi niliona herufi moja imepungua.

Akaipima kiganjani. “Mbona nyepesi? Boksi lake?”

“Lilichanika.”

“Ulifika kwa yule mzee mwenyewe?”

“Nimefika. Anakusalimia.”

Ee Mungu wangu! Hata salamu nilitunga! Ryoba akatabasamu, akaifunga. Nilimwona kwa macho yangu akibana klipu, yaani kibanio kinachoshikilia kile kiungo, kwa koleo, akaivuta kwa kidole, akaivuta tena, akatikisa kichwa kukubali.

Siku ya mashindano Marwa alipita majabali yote. La mwisho lilikuwa refu, limesimama karibu kama ukuta. Akapanda. Watu kimya. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshafika juu niliposikia kitu kimelia, pa! kama fimbo kavu.

Pikipiki ikakosa nguvu. Ikarudi nyuma na yeye juu yake, akadondoka chini kwenye mawe, ikamlalia.

Sitaki kueleza ule mguu. Mfupa wa paja ulivunjika mara mbili. Tulimbeba kwa pikapu ya mtu aliyekuja kununua mahindi, mimi nimeshika kichwa chake, njia yote anauliza, “Nimekanyaga chini? Nimekanyaga?” Hakujua alichokuwa anasema.

Vijana waliobaki wakaiokota cheni kwenye majani. Ilikuwa imefunguka pale kwenye kiungo. Klipu haikuonekana. Wakatafuta mpaka wakachoka. Na mtu akasema neno ambalo lilikimbia Gorong'a nzima kabla hatujafika mjini: fundi hakuibana klipu.

Kesho yake tuko hospitali. Marwa amefungwa mzigo wa kuvuta mguu. Mama yake amekaa kwenye ndoo, mimi nimesimama. Ryoba akaingia, ile cheni ameikunja kwenye kitambaa.

“Shikamoo, mama.”

Mama hakuitikia. Alimtazama mwanawe. “Nani alifunga kitu hicho?”

“Ryoba,” Marwa akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema tu.

Ryoba akanigeukia mimi. Sauti yake ilikuwa ya upole, karibu ya kubembeleza. “Shemeji, nikuulize tena. Hii cheni uliitoa kwa yule mzee wa Migori?”

Wote watatu wakanitazama.

Nilifikiria harusi. Nilifikiria huyu mama aliyekaa kwenye ndoo atanionaje. Nilifikiria kitenge, kipo kwa fundi cherehani. Mambo hayo yote kwa muda wa kumeza mate.

“Ndiyo,” nikasema.

Ryoba akashusha macho. “Cheni ya yule mzee klipu yake haiwezi kutoka yenyewe. Basi ni mkono wangu.” Akaiweka cheni sakafuni, akatoka.

Hakubisha! Angebisha, angegombana na mimi, pengine ningejikwaa na ukweli ukatoka. Lakini aliniamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Wiki ile ile, bodaboda mmoja pale Sirari alinisimulia akicheka, hajui anachonichoma. “Dada, zile cheni za lile duka la kwanza pale Isebania usiguse. Klipu zake zinaruka kama bisi.” Hapo hata kisingizio cha kutojua kikaniishia. Nikakaa kimya bado.

Marwa alikaa miezi mitano bila kukanyaga. Sasa anatembea, lakini mguu mmoja ni mfupi. Kulima siku nzima hawezi. Ile pikipiki aliiuza, na siku wanaiondoa aligeukia ukutani.

Ryoba alileta mtamba nyumbani kwa baba mkwe wangu kuomba radhi. Wazee wakampokea ng'ombe. Marwa akakataa kutoka nje. Watu nao wakaacha kupeleka pikipiki kwenye kile kibanda. “Yule aliyemvunja mwenzake?” Kikafungwa. Tukasikia amekwenda Nyamongo kuponda mawe ya dhahabu kwa wachimbaji wadogo.

Harusi ikafanyika. Ryoba ndiye alikuwa awe msimamizi wetu. Marwa alimsimamisha binamu yake, na nilimwona wakati wa picha akigeuka mara mbili kutazama pembeni yake, kama mtu aliyesahau kitu. Mimi ndiye nilijua alichosahau. Nikatabasamu kwenye picha.

Tukapata mtoto. Nikadhani mambo yatapoa.

Siku moja mke wa Ryoba, Gati, akaja Sirari kununua mitumba ya kwenda kuuza. Akapita ofisini kunisalimia. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Nikamwagizia chai. Nikauliza habari za mume.

Akazungushazungusha kikombe. “Yupo. Ila mikono imemkataa, shemeji. Hata redio ya nyumbani hafungui. Nilimwomba afunge bawaba ya mlango, akafunga, akafungua, akafunga, mwisho akaniambia niite mtu. Anasema mikono yake ina kitu. Tumekwenda kanisani akaombewa, wamemwekea mafuta viganjani. Bado.”

Jamani! Waliombea mikono isiyo na kosa! Mtu amenyoosha viganja vyake mbele ya kanisa zima kwa ajili ya uongo wangu!

Gati aliondoka, mimi nikashindwa hata kusoma karatasi iliyokuwa mezani. Jioni nikamwambia Marwa. Nilipiga magoti, mtoto akalia, sikumnyanyua. Nikasema yote: duka, boksi, salamu, kitenge, hospitali.

Akasema, “Rudia.”

Nikarudia.

“Nilimkatalia kumwona,” akasema. “Alikuja kwetu na mtamba, nikakataa kumwona.” Akashika ile fimbo yake ya kutembelea. Nilidhani atanipiga. Akaitumia kusimama tu. “Kesho Nyamongo. Utasema wewe. Mimi sitakusaidia hata neno.”

Tulimkuta Ryoba mahali pa kuponda mawe, amejaa vumbi jeupe mpaka kope, wenzake kama sita pembeni. Alipomwona Marwa na ile fimbo, akadondosha nyundo. Marwa akanyoosha kidole kwangu.

Nikasema mbele ya wote. Nililia mpaka maneno yakawa hayasikiki. Mponda mawe mmoja, mzee, akaniambia, “Sema vizuri, binti, asikie.” Ikabidi nianze upya.

Nilipomaliza, Ryoba hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja. “Klipu niliibana?”

“Uliibana. Nilikuona. Ukaivuta mara mbili.”

“Mara mbili,” akasema. Akachuchumaa, akafunika uso. “Nilikuwa nakumbuka mara mbili. Halafu nikajiambia najidanganya.”

Marwa alijaribu kuchuchumaa naye, mguu ukakataa, akaanguka na kukaa kwenye vumbi pale pale. Wakashikana mabega. Walilia wanaume wale, sijawahi kuona. Mimi nilisimama na mkoba wangu mkononi, hakuna aliyenitazama.

Kabla hatujaondoka Ryoba alinifuata. “Shemeji, nimekusamehe. Ila nikwambie. Ungesema pale hospitali, ningekasirika siku moja, yakaisha. Umeniacha nijichunguze mwaka na zaidi. Sasa nimeshazoea kutojiamini.”

Baba mkwe alirudisha mtamba, pamoja na ndama aliyezaliwa kwetu. Ryoba na Marwa wanatembeleana. Gorong'a wote sasa wanajua ni nani aliyemvunja Marwa.

Na mimi? Sikuachika. Marwa aliniambia amesamehe, na ananitendea vizuri. Lakini nikileta dawa ya mtoto anasoma karatasi yake mpaka mwisho. Nikileta mbegu anauliza nimetoa duka gani, kisha anampigia mtu mwingine simu kuhakikisha. Mama mkwe akiishiwa chumvi anamwita jirani amnunulie, na mimi nimekaa pale pale, nimemaliza kuosha vyombo, sina kazi. Hanisemi. Hanitumi tu.

Mwezi uliopita pampu yetu ya maji iliharibika. Marwa akamwita Ryoba makusudi, ili amrudishe kwenye kazi yake. Alikuja. Akaifungua, akaona tatizo mara moja, akalieleza vizuri kama zamani. Alipofika kwenye kufunga, akashika spana, akaitazama, akaiweka chini taratibu. “Tafuteni mtu afunge,” akasema. “Mimi nitamwonyesha.” Marwa akatoka nje. Mimi nikabaki nimeshika taa ya simu, namulikia pampu iliyo wazi.

Wenzangu, mkitumwa kitu cha gharama, nunueni hicho. Kikiwashinda, semeni kimenishinda. Bei rahisi ina wenyewe na kazi zake, silaumu, lakini usimnunulie mtu uongo akaupandia jiwe.

Na kama umeshaharibu, na mtu mwingine ndiye anaulizwa mbele yako, sema hapo hapo. Usingoje harusi ipite, usingoje mtoto azaliwe. Mtu mwema ukimtwika kosa lisilo lake hapigi kelele. Analibeba, analizoea, na siku ukija kumtua unakuta limeshaota ndani yake.