Steinvor na Mchezo wa Farasi

Steinvor alikuwa zizini anakamua ng'ombe, jirani alipochungulia akicheka. "Mama Asa, huendi kutazama? Leo mumeo anampiganisha Kolur na farasi wa Skapti!"

Ndoo nusura imwagike. Kolur ndiye farasi pekee waliyekuwa naye, na wakati ule nyasi za majira ya baridi zilikuwa bado kondeni, zimekauka, zinangoja mgongo wake. Mvua ikizikuta zitaoza. Zikioza, ng'ombe atakufa kabla theluji haijayeyuka, na Asa, mtoto wa meno mawili, atanyweshwa nini?

Akamfunga mtoto mgongoni, akachomeka kisu mshipini, akaenda mbio.

Uwanjani wanaume wa bonde zima walikuwa wamefanya duara. Madume mawili yalisimama kwa miguu ya nyuma yakiumana shingo. Sikio la Kolur lilikuwa limechanika, damu inamtiririka. Nyuma yake alikuwepo Ketil, baba Asa, anamchoma kwa fimbo asirudi nyuma.

"Ketil! Mtoe!"

"Nyamaza, tunashinda!"

"Mnashinda, wewe na nani?"

Skapti, tajiri wa bonde, akaangua kicheko. "Shemeji, kakoroge uji wako bwana! Au unataka kuumana na mimi?"

"Wewe una farasi kundi zima. Akifa mmoja utamla nyama. Sisi tutakula fimbo?"

Wakazidi kucheka. Hakuna aliyesogea hata hatua moja.

Steinvor akageuka. Pembeni alikuwa amefungwa farasi jike wa Skapti. Madume hupigana kwa ajili yake. Ndiyo maana huwekwa karibu, wamwone, wamnuse. Macho ya watu yote yalikuwa kwenye damu. Akakata kamba, akamtandika kofi la tako.

Jike akatimka kuelekea mlimani. Madume yakaachana papo hapo yakamfuata, na lile la Skapti likamkumba mwenyewe, akatua matopeni kifudifudi.

"Umenitia aibu mbele ya watu!" Ketil alifoka.

"Ng'ombe hali aibu, Ketil. Anakula nyasi."

Akaiokota fimbo iliyomponyoka mumewe, akaenda nayo nyumbani.

Kolur alirudi jioni akichechemea, mguu umevimba. Asubuhi mawingu yalikuwa yamejaa juu ya bahari. Steinvor akabwaga tandiko la mizigo miguuni pa Ketil.

"La nini hili?"

"Aliyetaka vita ni wewe. Kolur mgonjwa. Beba."

Ketil akatazama mawingu, akamtazama mkewe, akainama.

Alibeba nyasi siku ile nzima, mgongo umepinda, huku watu wa Skapti wakimwigizia mlio wa farasi kutoka uani kwao. Steinvor alikuja nyuma yake na mzigo wake mwenyewe, Asa kifuani. Hakucheka. Kila Ketil alipotaka kupumzika, alimwonyesha fimbo ileile.