Papa Kambale Aliyemshika Mama Mkono

Nakumbuka siku moja, mwanangu, vita vilipokuwa vimetulia kidogo, sisi vijana wa kwaya kutoka mtaa wetu wa Mabanga tulikodi gari kwenda kutazama gorila milimani. Nilimchukua na mama yangu. Alikuwa amekimbia vita huko Masisi akaja kwangu, na tangu afike hakuwa akitoka nje ya ua. Nilitaka tu acheke tena.

Aliyetuongoza msituni ni papa Kambale, mtu mzima wa Butembo, mpole ajabu. Alimweka mama nyuma yake palepale, na sisi wenye miguu myepesi tukalazimika kufuata mwendo wa mama, tukinung'unika. Ujana ni haraka tu, mwanangu!

Alituonya mapema: dume likija mbio, mtu asikimbie. Tukaitikia. Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Dume kubwa lenye mgongo mweupe lilipotoka majanini likijipiga kifua, mama akageuka akimbie, maana ndivyo vita vilivyomfundisha. Nikajua nimemleta afe.

Papa Kambale akamshika mkono, akachuchumaa naye.

"Mama, usikimbie. Hii hapana vita. Ni baba ya nyumba, anauliza nani anaingia."

Akaguna taratibu kooni, maana huko ndiko kuwabishia hodi gorila. Dume likatutazama, likaketi, likaanza kula. Vitoto vyake vikalipanda mgongoni, na mama akacheka. Nililia bila aibu.

Tulipofika garini, pale kijijini Kalengera, kila mtu ni gorila hivi, gorila vile. Mama akakataa kupanda.

"Muko munaimba gorila tu! Mutu mwenye alitufikisha, nani amemuambia aksanti?" Akamgeukia papa Kambale. "Na kwako, papa, bibi na batoto beko salama?"

Papa Kambale akavua kofia. "Walikimbia, mama. Sijapata bado habari yao."

 Kutwa nzima alitutunza sisi, na moyo wake uko njiani na wanawe.

Basi, mwanangu, ukipata kiongozi mwema, msituni au mjini, mshukuru akiwa mbele yako, na umuulize habari za nyumbani kwake. Usione kazi yake ukaacha kumwona yeye. Mungu akupe mkono wa kukushika siku utakapoogopa. Na papa Kambale, popote alipo, nawaombea wanawe wawe wamerudi.